Swali Lisilotaka Jibu

Mimi nikiulizwa swali, najibu. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyofanya biashara. Mteja akisimama mbele ya sufuria zangu akauliza, "Mama, leo kuna nini?" hajafunga mdomo nimeshamtajia wali, maharage, mchicha na samaki wa kukaanga. Na mtu akisimama mbele ya watu akauliza, "Jamani, tupo?" huwezi kukaa kimya ukamwacha ananing'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Unaitikia, "Tupooo!" Kumnyamazia msemaji ni kumwambia hatukutaki, kaa chini.

Naanza na hilo ili nieleweke mapema. Kosa lilikuwa langu, na nilishaomba radhi kwa mwenyewe. Humu siombi tena. Mara moja inatosha.

Shule niliiachia darasa la tatu, Morogoro. Sikufukuzwa, wala sikuwa mjinga. Nilihitajika jikoni kwa shangazi, basi. Nilianza na jiko moja la mkaa na sufuria mbili za kuazima, nikajenga nyumba ya matofali, nikamsomesha binti yangu hadi akawa nesi. Huyo nesi akaja Sydney, akanileta. Watu walidhani nimekuja kukaa kwenye kochi nitazame televisheni. Mwaka wa pili tu nilikuwa napikia harusi, za Watanzania na za Wakenya, hata za Wakongo na Warundi wa kule Macquarie Fields, ambao Kiswahili chao kinakwenda kinavyotaka lakini wanakula vizuri na wanashukuru kwa sauti. Nina kombi yangu. Nina leseni ya kuendesha. Nina cheti cha usafi wa chakula ambacho mtihani wake niliufanya mara tatu mpaka wakanipa. Sikusaidiwa na mtu.

Hapo nimedanganya. Mjukuu wangu alinisaidia. Alikuwa na miaka kumi, ameng'oka jino la mbele, na kila jioni alinisomea kile kitabu cha usafi sentensi kwa sentensi, akinieleza nyama mbichi ikae rafu ipi ya friji. Niliposhindwa mara ya pili alilia yeye, mimi sikulia. Kwa hiyo miaka ilipopita na zamu yake ya mtihani ikafika, nilijua nina kazi ya kufanya.

Tunaishi Rooty Hill, kitongoji cha Sydney, watu watatu, mimi, binti yangu na huyo mjukuu. Mimi namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kike, ingawa huyo mume wetu alifariki kabla hajamwona. Kiswahili anakielewa chote, hata kile cha kumsengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza. Mimi naongea hivi, yeye anajibu vile, na hatujawahi kupotezana. Maneno yake mengi humu nimeyageuza mimi. Pale alipotoa Kiswahili chake mwenyewe nitasema, maana si jambo la kila siku.

Siku hiyo alirudi shuleni na barua. Mama yake aliisoma amesimama, bado amevaa sare ya hospitali. Mtoto alikuwa kwenye darasa la juu la Kiingereza, na barua ilisema alama zake zinashuka. Ulikuwa umebaki mtihani mmoja, wa kusimama mbele ya wenzake na kutoa hotuba. Hotuba ikiwa dhaifu, mwakani atahamishiwa darasa la chini.

"Ni darasa tu," mama yake alisema, akijaribu kumpoza.

"Siyo darasa tu," mtoto akajibu. "Ndiyo sehemu pekee pale shuleni ninapojiona nina akili."

Mama yake akaikunja barua. Mimi nilikuwa na la kusema.

"Kuandika unaandika," nikamwambia. "Ugonjwa wako ni kusimama. Ukisimama sauti inakimbilia kwenye soksi. Leta hayo madaftari yako hapa mezani."

Muhula huo walikuwa wanasoma hadithi za Kimarekani. Nikauliza Wamarekani wameingiaje, na sisi tuko Australia. Akasema ndivyo mwalimu alivyochagua. Basi akanisimulia hadithi yenyewe huku mimi nakata vitunguu vya harusi ya Jumamosi. Ni ya mwanamke wa mji mdogo aliyefua nguo za mtaa mzima miaka thelathini. Alijua shuka za kila nyumba, alijua nani anakojoa kitandani na nani analala peke yake. Akafa. Binti yake akaja kuchukua beseni, na katika mtaa wote hakupata mtu aliyejua jina la mama yake. Walimwita yule wa nguo.

"Rudia pale kwenye beseni," nilimwambia. Akarudia.

"Huyu mwanamke namjua."

"Bibi, huyu ni wa kubuni. Hayupo."

"Namjua."

Kazi yao ilikuwa kuandika hotuba ya yule binti, kama vile amesimama katikati ya mtaa anawaambia watu ukweli. Na ndani ya hotuba lazima zionekane mbinu za usemi, ambazo mwalimu alikuwa amewaorodheshea. Vilevile kulikuwa na maneno ishirini magumu ya kukariri. Mwalimu alikuwa amewapa dawa moja ya kudurusu, kwamba tafuta mtu asiyejua, umweleze bila kusoma, akielewa basi na wewe umeelewa. Nikamwambia asiyejua amempata, tena ana kisu mkononi.

"Haya. Kuna mbinu ya kukuza jambo kupita kiasi," akaanza.

"Hiyo ni kutia chumvi. Endelea."

"Kuna kusema kinyume cha unachomaanisha, ili mtu aumie."

"Kama mama yako anapoingia jikoni kwangu na kusema, 'Leo humu pamependeza!' Endelea."

"Kuna kurudiarudia maneno yaleyale."

"Osha vyombo. Osha vyombo. Osha vyombo."

"Bibi, hiyo siyo mbinu. Hiyo ni kero."

"Juzi uliviosha au hukuviosha?"

"Niliviosha."

"Basi ni mbinu."

Alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Nami nakiri nilishangaa. Nilidhani elimu ya watu wa darasa la juu ni kitu kinachokaa mbali sana huko, kumbe nimekuwa nikiitumia kuuzia wali. Sikujua tu kwamba kila kimoja kina jina na watu wanatahiniwa.

Yale maneno ishirini aliyaandika kwenye vikadi vya njano akavibandika kwenye makopo yangu ya viungo. Kukariri kukamshinda. Kila akifumba macho neno linatoroka. Nikamwambia, "Wewe unalikumbuka neno kama namba ya nyumba usiyowahi kuingia. Lipe mtu. Mtu hasahauliki." Tukaanza kugawa. Neno la mtu anayesema sana na hasemi kitu tulimpa mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania, kwa kura zote. Neno la mtu mpole kwa nje, mwenye kucha kwa ndani, likaenda kwa mama mmoja wa kwaya. Kulikuwa na neno la huzuni ndogo isiyo na sababu. Hilo hatukumpata mtu wa kumpa, tukalipa Jumapili jioni. Na neno la yule asiyegeuza njia hata akiambiwa mbele daraja limevunjika, alilibandika kwenye kopo la pilipili manga bila kusema ni la nani.

"Hilo umempa nani?" nikauliza.

"Bado natafuta," akasema, na huku ananitazama mimi.

Jumamosi nyingine, isiyo na harusi, nilikwenda naye Cabramatta, kwenye maduka ya Wavietinamu, tukanunue nazi na samaki. Pale nikamwambia leo mimi bubu, utaagiza wewe. Samaki wa huko wanauzwa na mama wa Kivietinamu tuliyezoeana naye kwa ishara miaka mingi, na duka lake lina kelele za barafu, mapanga na redio. Mtoto akaomba samaki kwa ile sauti yake ya soksi. Yule mama akaweka kiganja sikioni. Akaomba tena. Kiganja kikabaki palepale. Nikamwambia mjukuu wangu, "Sauti haikai kooni. Shuka nayo tumboni, iko hapo kwenye kitovu." Alivuta pumzi, akapiga ukelele wa kuomba changu wanne, duka zima likageuka. Yule mama akacheka, akatuongezea fungu la majani ya kiungo bure. Kwenye kombi, mtoto alikaa amekumbatia mfuko wa samaki kama kikombe cha ushindi.

Basi ikaja siku ya marudio shuleni, juma moja kabla ya mtihani. Kila mwanafunzi aliruhusiwa kuleta mtu wa nyumbani amsikilize akijaribu hotuba yake. Mama yake alikuwa kazini. Nikaenda mimi. Nilivaa kitenge kipya na kilemba kirefu, nikabeba vitumbua kwenye hotpoti, kwa sababu sijawahi kwenda kwa watu mikono mitupu. Wageni tulikuwa wanne, tumepangwa nyuma kwenye viti vya plastiki. Mara ya mwisho kuketi darasani nilikuwa na miaka tisa. Mwalimu, msichana mdogo mwenye miwani, aliponikaribisha nilisimama wima kama tulivyofundishwa. Akaniambia nikae tu. Nikakaa, lakini nilikaa vizuri.

Alianza kwa kuwakumbusha zile mbinu, moja baada ya nyingine, nami nikawa naitikia kwa kichwa, maana zote nilishazipitia na vitunguu. Akafika kwenye moja ambayo mjukuu wangu hakuwahi kunieleza. Swali la msemaji lisilotaka jibu. Unauliza, kila mtu ananyamaza, unaendelea. Kiingereza hicho nilikielewa, asije mtu akasema sikuelewa. Nilijisemea tu, haya, kila watu na mambo yao.

Mjukuu wangu akaitwa. Akasimama mbele na karatasi yake. Sentensi mbili za kwanza zilikwenda kwenye soksi. Nikajigusa kitovu, akaniona. Sauti ikapanda. Ikapanda tena. Ilikuwa sauti ya changu wanne! Akawaambia watu wa ule mtaa jinsi mama yake alivyojua mashati yao, jinsi alivyojua jasho lao, na mikono yake ilivyokuwa imechubuka kwa sabuni. Kisha akainua uso akauliza, "Nani kati yenu aliwahi kumuuliza jina lake?"

Kimya.

Watoto zaidi ya ishirini, kimya. Mwalimu, kimya. Wageni wenzangu wanatazama viatu. Na mke mwenzangu amesimama peke yake pale mbele, swali lake liko hewani, hakuna wa kulipokea. Moyo wangu ulikataa. Nilijipiga paja nikajibu kwa sauti ya ukumbi wa harusi, "Hakuna! Hakuna hata mmoja!"

Darasa lililipuka kwa kicheko. Mtoto mmoja alipiga makofi. Mwalimu naye alificha mdomo, akawatuliza, akamwambia mjukuu wangu aendelee. Hakuendelea. Alitafuta mstari wake kwenye karatasi, hakuuona, akatafuta tena. Kisha akaenda kukaa. Vitumbua viliisha vyote, lakini yeye hakugusa.

Ndani ya kombi, tulipovuka reli, alinigeukia.

"Halikutaka jibu, Bibi!"

"Swali gani hilo lisilotaka jibu? Hilo si swali, hayo ni maringo."

"Kila mtu alicheka."

"Walinicheka mimi, hawakukucheka wewe."

"Ni kitu kimoja!" alisema, na machozi yakamtoka. Halafu, alipokwisha kujifuta, "Siku ya mtihani usije. Tafadhali."

Nimekaripiwa na wenye nyumba, na askari wa manispaa waliomwaga chakula changu, na wakwe. Hakuna aliyeniumiza kama huyo mtoto na tafadhali yake. Nilijibu kwamba sawa. Tulipofika nyumbani niliweka chai, nikamkatia mkate, nikakaa mbele yake.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "nimekuharibia."

"Ndiyo," akasema.

Hakusema haidhuru. Nikamheshimu kwa hilo.

Ndipo nikamweleza kwa nini. Kwamba kwetu msemaji hasimami peke yake. Akiuliza, watu wanampokea, na sauti yao ndiyo inayomsukuma mbele. Nikamkumbusha harusi nilizosimama mimi, ukumbi mzima ukinirudishia maneno.

Alichovya mkate, akafikiri. "Kila mtu anaitikia?"

"Kila mtu."

"Na wasipoitikia?"

"Msemaji anajua wana lao moyoni. Labda wamemkataa. Labda wanaona haya."

"Sasa ule mtaa wa kwenye hadithi. Binti akiwauliza, wangeitikia?"

Nikaufikiria ule mtaa, na mashuka yao meupe. "Hao? Wangenyamaza mpaka kesho. Wangemjibu nini, na wanajua hakuna aliyeuliza?"

Alivuta daftari, akaandika kitu, akakifunika kwa mkono. Sikuuliza. Juma zima niliongea naye mambo ya chakula na kufua tu.

Siku ya mtihani nilimpeleka mpaka getini, nikabaki kwenye usukani kama nilivyoahidi. Alipoteremka aliniambia, "Rudi nyumbani, Bibi," nami nikawasha gari. Ndipo nikaona vile vikadi vyake, ambavyo safari hii alikuwa ameandikia hotuba, viko kwenye kiti alichokalia, vimefungwa kwa mpira.

Nifanye nini? Nikipeleka nimevunja ahadi. Nisipopeleka mtoto atasimama mikono mitupu. Nilizunguka na gari mara mbili nikitafuta pa kuegesha, huku najibishana. Mwishowe nikaenda ofisini, wakanibandika karatasi ya mgeni kifuani, wakanielekeza darasa liko mwisho wa korido.

Kulikuwa na joto, mlango wameuacha wazi. Kabla sijaufikia nilisikia sauti yake. Alishaanza. Hakuwa na kadi, hakuwa na karatasi, na sauti ilikuwa inatoka palepale kitovuni. Nikaegemea ukuta pembeni ya mlango, pumzi nimeibana. Akapita kwenye mashati. Akapita kwenye jasho. Akapita kwenye sabuni. Nilijua kinachokuja, na mwili wangu ulijua pia, maana paja lilianza kuwasha.

"Nani kati yenu aliwahi kumuuliza jina lake?"

Nikavichukua vile vikadi nikajizibia mdomo, kwa mikono yote miwili.

Hakuendelea. Alisubiri. Kimya kile kilirefuka mpaka nikadhani amesahau, nikadhani ndiyo basi, tumekwisha. Kiti kimoja kililia. Mtu alikohoa akajizuia. Nikahisi jibu limenijaa mdomoni kama ugali wa moto. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule, na nimebeba magunia.

Kisha mjukuu wangu akasema, taratibu, kwa Kiswahili, mbele ya wale watoto wote, "Hakuna. Hakuna hata mmoja."

Safari hii hakucheka mtu. Akaendelea kwa Kiingereza mpaka mwisho, na mimi sikubaki kusikiliza mwisho. Niliviacha vikadi ofisini, nikarudi kwenye kombi, nikapandisha vioo vyote, nikapiga kelele zangu nilizokuwa nimezimeza. Baba mmoja aliyekuwa anapita na mbwa alinitazama. Nikampungia mkono.

Majibu yalikuja juma lililofuata. Nilikuwa jikoni, magunia mawili ya vitunguu mbele yangu, akaingia na karatasi. Hakuisoma mara moja. Aliizungusha mezani kwanza, akanitesa, kisha akasema anabaki. Darasa la juu, mwakani, anabaki. Nilipiga kigelegele kimoja kilichomtoa mama yake bafuni na povu kichwani.

Tulipotulia, akanionyesha kwa kidole mahali mwalimu alipoandika. "Anasema kile kimya ndicho kilichomgusa kuliko vyote."

Sikuweza kuvumilia. "Kimya kile ni changu."

"Chako kivipi?"

"Nilikuwepo. Nilileta kadi zako. Nilikuwa mlangoni nimejiziba mdomo, na unajua mwenyewe mimi nikiulizwa swali ninavyokuwa."

Nilidhani atakasirika. Alivuta kiti, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya.

"Niliona kilemba, Bibi," akasema. "Kilikuwa kimetokeza mlangoni. Kwa nini unafikiri nilisubiri vile? Nilitaka nione kama utaweza."